Kigiriki Nilikiweka Akiba

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za dada yako, nikitumaini zitakukuta umekaa kitini na si umening'inia kwenye shimo la lifti na bisibisi mdomoni, kama katika ile picha uliyonitumia. Mkeo hajambo? Na wale mabinti wako wawili, bado wanagombea kitanda cha dirishani? Mimi sijambo. Goti la kushoto limeanza kulalamika kila nikipanda ngazi za chuo, na macho yamechoka kusahihisha mitihani ya watu wanaotaka kuwa wachungaji bila kusoma. Lakini moyo, ndugu yangu, moyo wangu haujawahi kuwa mzima kama wiki hizi. Ukifika mwisho wa barua hii utaamua mwenyewe kama ni uzima au ni ugonjwa mwingine.

Utasema mbona sikupiga simu. Simu ungeikata mara tu ningetaja mtu fulani, nakujua. Barua haikatwi. Unaweza kuichana, lakini wewe ni mdadisi tangu utoto, utaokota vipande na kuviunga uisome.

Habari yenyewe ni ya Baba Mkubwa. Tulia. Hajafa, na kama angekuwa amekufa nisingepoteza stempu.

Katika barua yako ya mwisho uliniambia kwamba mzee mmoja wa kwetu alikukuta sokoni huko ugenini, akakuita kwa sauti kubwa, "Lazaro!", akacheka, akakupigapiga bega, na binti yako mdogo akauliza njia nzima hadi nyumbani Lazaro ni nani. Ukasema hukumjibu. Ukasema pia kwamba hutakanyaga tena mji huu maadamu kuna kinywa kimoja kinachoweza kukuita hivyo mbele ya watoto wako. Niliisoma barua ile nimesimama jikoni, sufuria ikaungua. Nilikaa na maneno yako kama mtu aliyemeza mfupa: haushuki, hautoki.

Yaliyotupata unayajua kuliko mimi, maana yalikupata wewe mwilini. Hata hivyo nayaandika, ili yawe yameandikwa na mkono mwingine, usije ukajidhania umeyaota. Baba alipofariki, na Mama naye akamfuata, kaka yake Baba alituchukua. Watu walisema hivyo, ametuchukua, na walikuwa na haki, kwa sababu alituchukua pamoja na nyumba, kiwanja na vitanda. Mimi niliwekwa ndani kwa kuwa nilijua kusoma na wanawe hawakujua. Wewe uliwekwa baraza la nyuma, kati ya pipa la maji na mbwa. Ulikuwa na kile kidonda cha mguuni, pale ulipomwagikiwa na maji ya moto, na hakuna aliyekupeleka kwa daktari. Yule mbwa wa kahawia alikuwa akikilamba, nawe ukamwacha, kwa sababu ndiye pekee katika nyumba ile aliyekuwa anakishughulikia.

Jumapili moja Baba Mkubwa akarudi kanisani. Siku hiyo walikuwa wamehubiriwa ule mfano wa tajiri na maskini aliyelazwa mlangoni pake, mwenye vidonda, akitamani makombo. Akapita nyuma kunawa mikono, akakuona umepakata sahani ya makombo na mbwa yuko mguuni pako. Akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. Akawaita wanawe waje wamwone Lazaro. Basi ikawa hivyo. Wanawe wakalidaka jina, wakalipeleka shuleni, shule ikalipeleka mtaani, na mtaa, kama unavyoujua, haurudishi kitu ulichopewa bure.

Nilidhani ni utani wa mtu mwenye roho ngumu. Nilikuwa mjinga. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mzee yule hajawahi kutania bila faida. Wewe ndiye ulikuwa mtoto wa kiume wa Baba, na kile kiwanja cha pembeni mwa kanisa kilikuwa chako. Mtoto wa marehemu ana kiwanja. Lazaro hana kiwanja, Lazaro ana vidonda. Ulipokua ukasimama mbele ya wazee kudai haki yako, hakuna aliyesema mtoto wa marehemu anadai urithi. Walisema, "Haya, Lazaro naye anataka nyumba!" Wakacheka, shauri likaishia kwenye kicheko. Wiki ile ile ulifunga begi ukaondoka. Kwa hiyo ninaposema mzee yule alikuibia kwa jina, sisemi kwa mafumbo.

Mimi nilibaki, nikasoma, nikawa mwalimu wa lugha za Maandiko, Kiebrania na Kigiriki, pale chuo cha theolojia. Wanafunzi wameniita Bi Vitenzi, wakidhani sijui. Na Baba Mkubwa akazeeka vizuri, kama wanavyozeeka watu wasio na haya. Mwaka jana akaibomoa nyumba ya Baba pale kiwanjani. Nilipita nikakuta mlango wa chumba chetu umeegemezwa kwenye ukuta wa jirani, bado una alama za penseli Mama alizokuwa akitupimia urefu. Akajenga ukumbi mkubwa wa sherehe, kisha akautoa kwa kanisa, ukumbi na kiwanja chake. Mji mzima ukamwita Mtoaji. Nilikwenda kwa mwanasheria, akanisikiliza kwa upole, akaniambia kilichokwisha kutolewa kwa kanisa kukidai ni sawa na kurudisha maziwa kwenye titi. Kutoa ni moyo, wanasema. Kutoa cha mwenzio hakuhitaji hata moyo.

Sasa sikiliza alivyojileta kwa miguu yake mwenyewe.

Aliniita nyumbani kwake. Nilimkuta sebuleni, kwenye yale makochi ambayo hadi leo hayajatolewa nailoni za dukani, ukikaa yanalia. Akaniagizia chai, akaniita Mwalimu, jambo ambalo hufanya tu akiwa na shida. Akanieleza kwamba kanisa lina sheria: jengo halipewi jina la mtu aliye hai. Alilisema hili kwa uchungu wa mtu aliyeambiwa angoje afe kwanza ndipo asifiwe. Kwa hiyo alitaka jina la Kiebrania kutoka kwenye Maandiko, lenye maana ya msaada, ili kila atakayeuliza maana aambiwe ni msaada, na akiuliza msaada wa nani, macho yaelekee kiti cha mbele. Mwamba ngoma huvutia kwake. Yeye mwenyewe alikuwa amechagua Ebenezeri, jiwe la msaada, lakini wazee wa kanisa wakamkumbusha kwamba katika barabara ile ile kuna kinyozi Ebenezeri, duka la simu Ebenezeri, na bucha. Akasema hawezi kukubali watu wakiwa wanatafuta ukumbi wake waelekezwe kwenye maini. Akaniomba nimtafutie ndugu wa jina hilo, mmoja ambaye hajafungua duka.

Naapa sikwenda pale na mpango wowote. Nilikwenda kumeza hasira zangu na chai yake kama kawaida. Lakini alipotamka kwamba anataka ndugu wa Ebenezeri, kitu kikasimama kichwani mwangu kikanitazama. Nilishusha kikombe. Nikamwambia jina lipo, na ni jina la heshima kubwa: Eleazari. *El* ni Mungu, *azari* ni amesaidia. Mungu amesaidia. Nikamwambia kwamba Eleazari alikuwa mwana wa Haruni, akavikwa mavazi ya ukuhani ya baba yake, na tena ndiye aliyekuwepo pale watu walipogawiwa nchi, kila ukoo na urithi wake. Hilo la urithi nililitamka polepole, nikamtazama machoni. Akatikisa kichwa, akasema ni jina zito.

Alilirudiarudia kama mtu anayeonja supu. Akauliza kama kuna duka lolote linaloitwa hivyo. Hakuna hata genge, nikamjibu. Akauliza kama kuna mwovu yeyote katika Maandiko mwenye jina hilo, maana hataki aibu. Nikamwambia kwa moyo mweupe kwamba simjui mwovu yeyote aliyeitwa hivyo. Mdogo wangu, sikumdanganya hata neno moja, na hilo ndilo linalonipa usingizi. Niliishia kwenye Kiebrania tu. Kigiriki nilikiweka akiba.

Miezi iliyofuata niliishi kwa hofu kuliko mwizi. Kwanza nilimhofia Mchungaji, kwa kuwa amepita mikononi mwangu chuoni. Kisha nikakumbuka kwamba Kigiriki alikifaulu kwa maombi ya mama yake. Alinikuta getini, akanipa mikono miwili, akasema jina limemgusa sana. Nikamwambia litawagusa wengi. Fundi wa mabango naye nusura aniharibie, kwa kuwa ulimi wake haujui tofauti ya L na R, akakata herufi za chuma za kusomeka Eleazali. Baba Mkubwa akamfokea mbele ya watu, akasimamia mwenyewe herufi ya R ichomelewe upya, akaning'ang'ania mimi nihakikishe tahajia. Nikaihakikisha. Hakuna jina lililowahi kusahihishwa kwa upendo namna ile.

Shangazi peke yake ndiye aliyenishtukia. Yeye ndiye aliyeshona pazia la kufunikia herufi, na alikuja kwangu kuniomba nimshikie kitambaa. Akaniuliza mbona natabasamu peke yangu kama paka aliyekunywa maziwa ya watu. Nikasema ni furaha ya ukumbi. Akanitazama, sindano mdomoni, akasema anaijua furaha yangu tangu nilipokuwa natambaa, na hiyo siyo. Hakuuliza zaidi. Unajua Shangazi anawaogopa kaka zake, wazima na wafu.

Siku ya kuzindua ilikuwa Jumapili, baada ya ibada. Watu walifurika hadi barabarani. Viti vya mbele walikaa wanawe Baba Mkubwa, wamenenepa, na wazee wale wale waliokucheka, wale ambao Mungu bado anawavumilia. Kwaya ikaimba. Mchungaji akaomba, akaliweka wakfu jengo pamoja na jina lake, na Baba Mkubwa akaitikia amina kuliko wote. Akapewa kamba. Akaivuta. Pazia likaanguka, herufi za chuma zikang'aa juani, UKUMBI WA ELEAZARI, na watu wakapiga makofi. Yeye akafuta machozi kwa leso nyeupe, akasema mbele ya umati kwamba jina hili lisiondolewe na mtu yeyote vizazi hata vizazi. Nilimshukuru kimoyomoyo. Kisha wakaniita mimi nieleze maana.

Nilianza na Kiebrania, kama nilivyoanza sebuleni kwake. Mungu amesaidia, mwana wa Haruni, mavazi ya ukuhani. Baba Mkubwa alikuwa anafuatisha kwa kichwa, kama mtoto anayelijua somo. Nikasema majina nayo husafiri kama watu, na safarini hupungukiwa. Nikawakumbusha kwamba sisi wenyewe tulikuwa tunasema mwana wangu, tukachoka, tukasema mwanangu, na hakuna mama aliyelia kwamba mtoto kapotea. Basi watu wa Galilaya nao, kwa ulimi wao wa kila siku, walilikata jina hili kichwani. Ile E ya mwanzo wakaimeza, na ile ya pili ikazama ndani ya a. Ndipo likaingia katika Kigiriki cha Injili, na Wagiriki hawakupenda jina la mwanamume limalizike hivi hivi, wakalishonea mkia, *os*. Likaja kwetu, na sisi ulimi wetu haupendi neno linaloishia na s, tukaukata ule mkia, tukabakiza o.

Kisha nikawaomba tufanye hesabu hiyo pamoja, kama darasani. Nikawaambia wasome herufi zile pale juu. Wakasoma, Eleazari. Nikasema waondoe kichwa, na ile e ya pili pia. Sasa mwisho wake, badala ya i, waweke o. Niliona mdomo wa Mchungaji ukitangulia wengine. Alikuwa amefika, maskini, mara ya kwanza kukiwahi Kigiriki, na mkono wake ukapanda kwenye kola. Sauti za kwaya zikaanza kulinong'ona, halafu safu ya nyuma, halafu barabarani, mpaka likawa linasemwa wazi na watu wengi kwa wakati mmoja. Lazaro. Lazaro. Ni jina moja, nikasema, halijawahi kuwa mawili. Aliyeandika juu ya ukuta huu Eleazari ameandika Lazaro, na aliyewahi kumwita mtu Lazaro kwa kumdharau alikuwa anamwambia, bila kujua, Mungu amekusaidia.

Nyuso za umati ule natamani ningekufungia kwenye bahasha. Wote walijua. Nani katika mji huu hajui kiwanja kile kilikuwa cha nani, na mtoto wa nani aliitwa nini? Niliona wakiyaunganisha usoni mwao, mmoja mmoja, ukumbi, kiwanja, jina. Ndipo Shangazi, mwoga wetu yule, akasimama katikati ya safu ya wanawake na kusema kwa sauti iliyofika getini kwamba kumbe mtoto amerudi kwao. Akapiga kigelegele. Wanawake wakampokea.

Sikukaa bado. Nilikuwa na neno moja la mwisho, na nilikuwa nimelisubiri tangu ukiwa na kidonda. Nikasema wauangalie vizuri ule mfano wa tajiri na maskini. Tajiri yule amepewa kila kitu humo, mavazi ya zambarau, karamu kila siku, nyumba yenye lango. Kitu kimoja hakupewa. Hakupewa jina. Maskini wa mlangoni ana jina, hadi leo tunalitaja, na mwenye nyumba ni tajiri mmoja tu. Nikamshukuru Mtoaji kwa ukumbi mzuri, nikamtazama, nikakaa.

Uso ulikuwa umemshuka. Alikuwa bado ameshika ile kamba ya pazia. Watu walipopanga foleni kumpa mkono ilibidi asimame ampokee kila mmoja, na kila mmoja alimpongeza kwa jina alilochagua. Sitakuficha, nilisimama pembeni na bilauri yangu ya maji nikatazama hadi wa mwisho. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Tangu siku ile hakuna anayesema Ukumbi wa Eleazari, ni refu. Wanasema Kwa Lazaro. Arusi ni Kwa Lazaro, mkutano ni Kwa Lazaro, bodaboda nao wanaita abiria wa Kwa Lazaro. Baba Mkubwa alikwenda kwenye baraza la kanisa kuomba jina libadilishwe. Wakamwambia limekwisha kuwekwa wakfu, na mwenyewe alisema lisiondolewe vizazi hata vizazi. Lakini, wakasema, kama jina lina kasoro, aieleze kasoro hiyo mbele ya baraza nao watafikiri. Akachukua kofia yake. Angeeleza nini? Mtu mzima wa mji huu akikutana nawe leo na kukuita jina lile, atakuwa anakuvulia kofia. Sikuombi ulipende. Nimelitoa tu mkononi mwake.

Ningeweza kuishia hapa, na barua ingekuwa tamu. Lakini kuna jambo sijamwambia mtu, hata Shangazi.

Wiki iliyopita Baba Mkubwa alikuja ofisini kwangu chuoni. Alipanda ngazi zile kwa fimbo, na niliposikia fimbo nilijua ni yeye, sikutoka kumpokea. Aliketi kwenye kiti cha wanafunzi. Nilijiandaa kwa matusi. Hakunitukana. Alisema hapati usingizi. Alisema kila akipita pale anasoma na herufi zinamsoma, na wajukuu wake wamemuuliza kama ni kweli alimlisha mtoto wa mdogo wake pamoja na mbwa. Akasema anataka kukuandikia, akuombe radhi, si kupitia kwangu, kwa mkono wake mwenyewe, kabla hajaondoka duniani. Akatoa bahasha mfukoni, imekunjika, na kalamu. Aliomba anwani yako. Nikamwandikia kwenye karatasi, mtaa, nyumba, nchi, kwa kuwa sikutaka kuwa lango kati yako na yeye.

Aliinakili polepole juu ya bahasha, chini, akiacha nafasi juu. Halafu akashika kalamu juu ya ile nafasi, akangoja. Nikadhani anapumzika mkono. Akainua macho, na kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake akaniuliza jina lako ni nani.

Nilidhani sikumsikia. Akaeleza kwamba anamaanisha lile jina lenyewe, alilokupa Baba. Alisema amelitafuta tangu ile Jumapili. Amewauliza wanawe, hawalijui. Akajaribu moja, jina la babu, nikatikisa kichwa. Akajaribu jingine, nalo ni la yule mtoto wa jirani aliyekufa na homa. Machozi yakamtoka, ya kweli, hayakuwa ya leso nyeupe. Alikuvua jina akakutupia jingine, na lile la kwanza hakuliweka popote.

Lilikuwa ulimini mwangu, ndugu yangu. Ningelitamka tu. Ni neno fupi. Pengine Mama angelitamka. Pengine ningemsamehe mwanafunzi yeyote aliyelia vile mbele yangu. Nilinyamaza. Nilimtazama akihangaika na kalamu yake, na nilifurahi; nisiseme uongo kwenye karatasi, nilifurahi kuliko siku ya pazia. Mwishowe nikamwambia kwamba mimi nafundisha majina ya Maandiko tu, hayo mengine amuulize marehemu mdogo wake watakapoonana. Akasimama kwa tabu, akashuka ngazi akishika ukuta. Sikumshika mkono.

Kwa hiyo ikikufikia bahasha yenye anwani yako sawasawa na pale juu pamekaa wazi, jua imetoka kwake. Kuifungua au kuirudisha ni shauri lako, sitakuambia neno. Ukitaka awe na jina lako, mpe wewe. Halikuwa langu la kumpa, ingawa pia siwezi kukudanganya kwamba ndiyo sababu nilimnyima.

Shangazi anakusalimu, anasema ukija amekushonea mapazia, hajui madirisha yako yana upana gani lakini amekushonea. Nisalimie mkeo sana, umwambie wifi yake anamkumbuka. Wabusu wale mabinti, na aliyeuliza Lazaro ni nani mwambie ni ukumbi, mzuri kuliko yote mjini.

Leo asubuhi nilipeleka barua hii posta nikiwa bado sijaifunga. Karani alisema mwandiko wangu wa juu ya bahasha haueleweki, akaniomba nimsomee. Nikamsomea jina lako, lote, kwa sauti. Akasema hajasikia vizuri, nirudie. Nikarudia, foleni nzima ikasikia, nikaomba kalamu nikaongeza mistari hii nikiwa nimesimama dirishani, na watu nyuma yangu wananuna.

Ni mimi,
dada yako wa tumbo moja